Damu ya Porini Chini ya Mlima Meru

Soko la Tengeru huchangamka Jumatano na Jumamosi. Mgeni anayetoka Arusha mjini haambiwi ashuke wapi. Kilomita kama 13 hivi kuelekea Moshi, Noah inapunguza mwendo yenyewe, maana barabara imejaa mikokoteni, bodaboda zilizobeba mikungu ya ndizi na akina mama wenye ndoo kichwani. Nilishuka hapo Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, katika baridi ile ya Arusha ambayo mtu wa pwani haizoei hata akae mwaka mzima. Mlima Meru haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika hadi kwenye mashamba ya kahawa, na manyunyu yalikuwa yakishuka bila haraka. Mpiga picha angelalamika, lakini ugonjwa niliokuja kuufuata haupati hali ya hewa nzuri kuliko hiyo.

Nyanya zilikuwa upande wa ndani, nyingine zimepangwa mafungu juu ya viroba, nyingine zikipimwa kwa sado, nyingine bado zimo kwenye matenga zikisubiri gari. Nilisimama kwa mama mmoja aliyekuwa akichambua tenga zima, mbovu huku, nzima kule, mkono ukienda bila macho kuangalia.

"Bonyeza uone, baba," akaniambia.

Nikabonyeza. Ilikuwa ngumu, ndefu kidogo umbo lake, ngozi nene isiyotaka kupasuka.

"Hii inalala chini ya tenga, inapandiwa na wenzake, inafika Dar ikiwa hivyo hivyo. Nyanya ni ngozi. Ladha ataiongeza mpishi."

Nikamuuliza kama mbegu yenyewe inahimili ukungu. Akacheka. "Hilo kamuulize mkulima. Mimi naijua ikishafika hapa."

Jibu hilo nilitembea nalo safari nzima. Nilikuwa nimekuja wilaya hii ya Arumeru kuona jinsi nyanya za porini zinavyotumiwa kuzaa nyanya za shambani zenye kinga dhidi ya ukungu. Nilitarajia habari ya maabara na jeni. Nilizikuta zote mbili, ila niligundua kwamba kesi yenyewe huamuliwa sokoni, mbele ya mama yule.

Kwanza ugonjwa. Wakulima wanasema ukungu, vitabu vya kilimo vinasema bakajani chelewa. Unaanza na doa la kijani kizito kwenye jani, limelowa kana kwamba mtu amelimwagia maji ya moto. Kesho yake doa limekuwa la kahawia na limepanuka. Ukiamka mapema kabla jua halijakausha umande, geuza jani: pembezoni mwa doa utaona utando mweupe, mwembamba. Huo ndio uzazi wake. Kila kijiti katika utando ule kinabeba mbegu zinazopeperushwa na upepo hadi shamba la jirani, na zikitua kwenye jani lenye maji katika ubaridi, kila moja inaweza kupasuka ikatoa viumbe vidogo vyenye mikia miwili, vinavyoogelea vikitafuta pa kuingilia. Shina linapata mabaka meusi. Tunda, hata lingali bichi, linavaa baka la kahawia, gumu, lenye mafuta mafuta. Shamba lililokuwa zuri Jumapili linaweza kuwa limeungua Jumapili inayofuata.

Ni kimelea kile kile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi, wengine wengi wakapanda meli kwenda Marekani. Jina lake la kitaalamu ni Phytophthora infestans. Wanasayansi wa leo hawakikubali kabisa kuwa ni ukungu halisi, kwa kuwa ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Mkulima hana sababu ya kubadili usemi wake kwa ajili hiyo, ila jambo lenyewe linamgusa mfukoni: baadhi ya dawa zinazoua ukungu wa kawaida hazimfanyi kitu huyu. Dawa ya metalaksili, iliyokuwa mkombozi ilipoingia, imekwisha kuzoeleka kwa kimelea hiki katika sehemu nyingi za dunia. Mankozebu bado inasaidia, lakini ni ngao tu, lazima iwe juu ya jani kabla mbegu za ugonjwa hazijatua. Mvua ikinyesha usiku, ngao imekwenda na maji.

Kutoka sokoni nilichukua bodaboda kuelekea upande wa vituo vya utafiti, si mbali na Ziwa Duluti. Tengeru ni mahali penye mazoea ya kupokea wageni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliweka hapa kambi ya wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, na makaburi yao yangali yanatunzwa. Siku hizi hapa ndipo ilipo TARI Tengeru, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kinachoshughulikia mazao ya bustani, na jirani yake ni tawi la Kituo cha Mboga Duniani, ambacho makao yake makuu yako Shanhua, Taiwan. Ushirikiano wa wawili hao ndio ulioleta, mwaka 1997, mbegu mbili ambazo mkulima yeyote wa nyanya nchini anazijua: Tanya na Tengeru 97. Ile ngozi aliyoisifu mama wa sokoni ina nasaba na kazi hiyo. Tengeru 97 iliwapa wakulima tunda gumu linalokaa, pamoja na kinga dhidi ya mnyauko fuzari na minyoo fundo. Bakajani chelewa iliendelea kuwatesa.

Ndani ya nyumba ya wavu nilipata nilichokuja kukiona. Ulikuwa mmea mmoja mrefu, mwembamba, uliotambaa kwenye kamba bila adabu, majani madogo, maua ya njano kwa vishada virefu. Matunda yake mekundu yalikuwa na kipenyo cha sentimita moja hivi. Nilipoonja nikakuta ladha kali, tamu na chachu kwa pamoja, nyanya ya kweli kabisa iliyofungwa ndani ya kidonge. Mbegu zilijaa mdomo. Hiyo ndiyo Solanum pimpinellifolium, ndugu wa karibu zaidi wa porini wa nyanya yetu. Kwao ni mwambao wa Peru na Ecuador, kando ya mashamba, kwenye mifereji na kokoto za mabonde yanayoteremka kutoka Andes. Hapandwi na mtu. Anaishi na magonjwa bila dawa, vizazi kwa vizazi, na aliyeshindwa hakuacha mtoto.

Nyanya ya shambani haikupitia shule hiyo. Watu waliitoa Amerika ya Kusini ikafika Mexico, Wahispania wakaivusha hadi Ulaya katika karne ya 16, na kila mahali ilipopita watu walichagua tunda kubwa wakaacha mengine nyuma. Kilichobaki ni familia moja iliyooana yenyewe kwa yenyewe. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba nyanya za kulimwa zina chini ya asilimia 5 ya tofauti za kinasaba zilizomo katika ukoo mzima wa nyanya, ukijumlisha ndugu wa porini, ambao ni spishi kama dazeni moja hivi. Ukitafuta kinga ndani ya nyanya za kulimwa peke yake, utapekua ghala tupu.

Baadhi ya watu wa mwanzo kupata faida kubwa ya ndugu hawa hawakuwa wakihangaika na bakajani bali na mnyauko fuzari, ukungu halisi unaoishi ardhini, unaoziba mishipa ya maji hadi mmea ulegee mchana wa jua, upande mmoja ukiwa njano. Mwishoni mwa miaka ya 1930, G. W. Bohn na C. M. Tucker wa Missouri, Marekani, walikuta pimpinellifolium moja kutoka Peru ambayo fuzari haikuigusa, na kinga yake ilirithiwa kwa jeni moja tu. Mwaka 1941 ikatoka aina ya kwanza yenye jeni hiyo, Pan America. Mwaka 1945 watafiti wakaripoti ukoo wa pili wa fuzari usioitambua kinga ile. Wakarudi porini, wakapata jeni nyingine. Miaka ikapita, ukoo wa tatu ukaonekana Australia, na safari hii kinga ikatoka kwa ndugu wa mbali zaidi, Solanum pennellii wa nyanda kavu za Peru. Nani anakula jeni hizi leo? Karibu kila mtu anayekatia nyanya kwenye kachumbari.

Kwa bakajani chelewa hesabu ni hiyo hiyo, ila mpinzani ana mbio zaidi. Jeni ya kwanza ya kinga, Ph-1, ilitoka kwa pimpinellifolium na ilipitwa mapema mno. Ya pili, Ph-2, inapunguza kasi ya ugonjwa tu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kituo cha Mboga Duniani kule Taiwan walitangaza kinga kali zaidi kutoka kwa pimpinellifolium yenye namba L3708, asili yake Peru. Jeni yake iliitwa Ph-3, ikapatikana kwenye kromosomu ya 9, na mwaka 2014 wanasayansi wa China wakaitenga wakaisoma herufi zake. Mbegu nyingi zinazouzwa leo duniani kama zenye kuhimili bakajani chelewa zimebeba Ph-3, mara nyingi ikiwa pamoja na Ph-2.

Jinsi jeni inavyohama kutoka kwenye mmea ule wa vidonge hadi kwenye tunda la tenga, nilionyeshwa na dada mmoja fundi wa uchavushaji aliyenipa kiti kidogo na kunikataza kuongea karibu na maua. Alichagua ua ambalo halijafunguka, petali zimeanza kuacha kijani lakini hazijawa njano kamili. Siku moja baadaye angekuwa amechelewa, ua lingekuwa limejichavusha lenyewe. Kwa kibano akatenganisha petali, akashika lile koni la njano lenye chavua na kulivuta zima zima. Kikabaki kijiti cha kijani peke yake, kimesimama uchi. Chavua ya baba wa porini alikuwa nayo kwenye kifuniko kidogo cha plastiki. Akagusisha ncha ya kijiti kwenye unga ule. Kisha akakata vijani viwili vya kikonyo cha ua, ili tunda likishakua ajue bila kusoma lebo kwamba hili ni la kuchavushwa kwa mkono, akafunga uzi wenye namba na tarehe. Kazi yote haikumchukua hata dakika mbili. Halafu la pili. Halafu la tatu.

Hapa ndipo tatizo kubwa la kazi hii linapoanza, na wenyewe wanalijua vizuri. Ukioa katika ukoo, mashemeji wote wanahamia. Mtoto wa kwanza wa ndoa hii anapata kinga, lakini nusu ya kila kitu chake ni cha porini: tunda dogo, laini, linalodondoka, mmea unaotambaa ovyo. Kwa hiyo mtoto huyo anarudishwa kuchavushwa na mzazi wa shambani, na watoto wake tena, na wajukuu tena. Kila mzunguko unakata nusu ya damu ya porini iliyobaki, asilimia 50, kisha 25, kisha 12.5, na kuendelea. Baada ya kurudishwa mara sita inabaki chini ya asilimia 1 kwa wastani. Ila wastani hudanganya. Kipande cha kromosomu kilichoishika jeni ya kinga hakikatiki kirahisi, na humo humo kando yake zinaweza kukaa jeni za tunda dogo au laini zikisafiri bure, kizazi hadi kizazi. Zamani mfugaji mbegu alilazimika kuotesha maelfu ya miche akiwinda mmoja ambao kipande chake kimekatika mahali panapofaa. Sasa anatoboa kijani kimoja cha mche wa wiki mbili, anapeleka maabara, na alama za vinasaba zinamwambia nani abaki na nani atupwe kabla hajachanua.

Ndugu wengine wa porini ni wagumu zaidi. Solanum peruvianum anakataa kabisa ndoa na nyanya ya kulimwa. Kiinitete kinakufa ndani ya mbegu. Mwaka 1944 Paul G. Smith, huko California, alikitoa kiinitete mapema akakilea kwenye chupa, na kutoka humo ikapatikana kinga ya minyoo fundo inayotumika hadi leo. Mwenzake mkubwa katika ukoo huu wa wasaka nyanya alikuwa Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyefariki mwaka 2002. Huyu alizunguka Amerika ya Kusini miongo kadhaa akikusanya mbegu. Alipokwama na nyanya za visiwa vya Galápagos ambazo mbegu zake zilikuwa ngumu kuota, alipata wazo la kuwalisha kobe wakubwa wa huko. Mbegu zikapita tumboni, zikatoka, zikaota. Makala yake na R. I. Bowman kuhusu jambo hilo ilichapishwa mwaka 1961. Nyanya hizo za Galápagos ndizo zilizotoa jeni inayofanya tunda likwanyuke bila kikonyo, na nyanya za viwandani zimeihitaji sana, maana kikonyo hutoboa matunda mengine ndani ya tenga. Tazama jinsi hata huko Galápagos habari inarudi kwenye tenga.

Kipimo cha kinga hakina huruma. Miche hupuliziwa maji yenye mbegu za ugonjwa, zilizopoozwa kwanza kwenye jokofu ili zitoe vile viumbe vyenye mikia, kisha huwekwa gizani mahali pabaridi na penye unyevu karibu asilimia 100. Baada ya wiki hivi mtu anapita na daftari akitoa alama kuanzia 0. Trei niliyoonyeshwa ilikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa umelala mweusi, unanuka uozo. Wa pili, uliopandwa siku ile ile na kuambukizwa siku ile ile, ulikuwa umesimama. Kwenye majani yake kulikuwa na vidoa vidogo vikavu, kila kimoja kimeishia pale pale kilipoanzia. Chembe za jani zilizoguswa zilijiua haraka, na kimelea, ambacho hakiwezi kula chembe iliyokufa mapema hivyo, kikakosa pa kwenda. Kwa kazi kama hii, baada ya Tengeru 97, zilitolewa nchini aina mbili zilizolengwa hasa kwa bakajani chelewa: Meru na Kiboko.

"Basi tumemaliza?" nikamuuliza mtafiti aliyenitembeza.

"Kimelea hakijamaliza," akasema.

Anajua anachosema. Taiwan kwenyewe, Ph-3 ilikozaliwa, vimepatikana vimelea vinavyoweza kuipita. Kenya na Uganda, kwenye viazi, ukoo mpya wa kimelea hiki umeusukuma nje ukoo wa zamani. Ndiyo maana wafugaji mbegu sasa hawataki kusimamisha mlinzi mmoja. Wanaunganisha jeni mbili au tatu katika mmea mmoja, na wanatafuta kwa ndugu mwingine wa porini, Solanum habrochaites, kinga za aina nyingine, zisizofunga mlango moja kwa moja bali zinazochelewesha ugonjwa kwa jeni nyingi ndogondogo. Huyo habrochaites, mwenye manyoya na harufu kali, anawavutia pia kwa bakajani tangulia, ugonjwa ule wa miduara ya kahawia kwenye majani ya chini, ambao hadi leo hauna jeni moja kubwa ya kuutegemea.

Kutoka Usa River nilipanda gari la kwenda Ngarenanyuki. Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na abiria waliobeba mbegu, mabati na vifaranga hawageuzi hata shingo twiga wakikatiza. Ukishaizunguka Meru na kutokea kaskazini, nchi inabadilika. Wingu lililonisindikiza Tengeru likabaki nyuma ya mlima. Upande huu ni mkavu, vumbi la volkano, na mashamba ya nyanya yanaishi kwa mifereji. Ni nchi yenye kumbukumbu nzito: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kulifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Mzee aliyenipokea alikuwa mtoto wakati huo. Alinionyesha kwa fimbo mahali nyumba ya baba yake ilipokuwa, kisha bila kubadilisha sauti akahamia kwenye nyanya.

"Shikamoo mzee," nilikuwa nimemwambia langoni.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutangaza au kununua?"

Utani huo una chanzo. Nondo wa nyanya, yule anayechimba mashimo ndani ya majani na matunda, aligunduliwa Tanzania mwaka 2014 katika kijiji cha Ngabobo, hapo hapo Ngarenanyuki, na wakulima walimpa jina la Kantangaze, kwa sababu hasara yake haifichiki. Nako porini wafugaji mbegu wanamtafutia dawa: pennellii na ndugu zake wana vinyweleo vinavyotoa utomvu wa kunata unaomkwamisha mdudu. Lakini mzee hakutaka habari ya mdudu siku hiyo. Alinishika mkono tukaingia shambani.

Miche ilikuwa imesimikwa miti na kufungwa kamba. Kulikuwa na harufu ya dawa iliyopuliziwa alfajiri. Mzee alisema ukavu wa upande huu unawasaidia, ila Juni na Julai baridi ikishuka na umande ukachelewa kukauka, ukungu haubishi hodi. Kijana wake anabeba bomba mgongoni kila wiki, na ukiingia msimu mbaya anapuliza mara mbili kwa wiki. Hakuvaa kinyago, hakuvaa glavu. Nilihesabu makopo matupu kwenye kona ya shamba, nikaacha.

"Nilipewa mbegu ya kujaribu," mzee akasema. "Jina nimelisahau. Bwana shamba alileta, tukapanda mistari pale chini kwenye unyevu, makusudi. Mwaka ule ukungu ulikuja wa kufagia. Hii yangu ya kawaida iliungua hadi kwenye kamba. Ile ikasimama."

"Ukaendelea nayo?"

Akanitazama kwa muda. "Dalali alikuja, akabonyeza, akasema laini. Akasema hii haifiki. Akanipa nusu bei ya jirani yangu ambaye alikuwa amepuliza wiki nzima. Sasa mwanangu, mimi nile kinga?"

Hakuiacha kabisa. Nyuma ya jiko, karibu na mahali maji ya kunawia yanapomwagika, ana mistari kadhaa ya mbegu ile ile, anayoikamua mwenyewe kila msimu. Ndiyo nyanya ya nyumbani. Mkewe alinipa tatu. Zilikuwa tamu kuliko zote nilizokula safari hiyo, na zilipasuka ndani ya begi kabla sijafika Usa River.

Siwalaumu wafugaji mbegu kwa hilo. Wale niliokutana nao wanajua kabisa kwamba kinga bila ngozi haiuziki, na ndiyo sababu miaka mingi ya kazi yao inakwenda kwenye kuwafukuza mashemeji baada ya kuipata jeni. Wala simlaumu dalali, ambaye barabara ya mashimo ndiyo mwalimu wake. Ninacholalamikia ni jinsi tunavyolipa. Bei ya tenga inapangwa kwa kidole cha dalali tu. Dawa ambayo mkulima hakununua, siku ambazo kijana hakubeba bomba na sumu ambayo mlaji hakuila havina mstari kwenye hesabu hiyo. Maadamu hesabu ni hiyo, mbegu yenye kinga itashindana na kopo la dawa kwa masharti ya kopo. Masoko yenye kreti za plastiki badala ya matenga yaliyoshindiliwa yangesaidia nyanya zenye kinga kuliko jeni nyingine mpya, na kreti hazihitaji kwenda Peru.

Kwa msomaji mwenye shamba, hata kama ni mistari minne nyuma ya nyumba: ukienda duka la pembejeo usinunue picha iliyo mbele ya pakiti. Geuza usome mgongo wake. Alama Pi ni bakajani chelewa, Fol ni mnyauko fuzari, na namba zinazofuata Fol zinakuonyesha ni koo zipi za fuzari zinazozuiwa. HR ni kinga ya juu. IR ni ya kati, maana yake mmea utaugua kidogo na bado utahitaji jicho lako. Kama mgongo hauna alama yoyote, muuzaji akikuapia kwamba mbegu haiugui, mwachie. Angalia pia lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, kwa sababu mbegu bandia haina kinga ya chochote. Mbegu chotara usiikamue kwa ajili ya msimu ujao, watoto wake watatawanyika, wenye kinga na wasio nayo. Tanya, Tengeru 97, Meru na Kiboko si chotara, hizo unaweza kukamua: chagua tunda lililoiva vizuri kwenye mche ulio mzima kuliko yote, chachusha ute wake siku mbili, osha, anika kivulini. Na hata ukipata mbegu yenye Ph-2 na Ph-3 pamoja, ng'oa masalia ya nyanya na viazi vilivyojiotea kabla ya kupanda, kwa sababu humo ndimo ukungu unamolala ukisubiri Julai.